Tupeane uzoefu: siku choo kilipofurika ndani na fundi hapatikani (Mwanza)

Kilimahewa Juu
Wakuu, mvua imepiga toka alasiri, na hapa nasikia jirani anakokota maji ya choo kwa beleshi na fagio, anatukana kila mtu. Imenikumbusha mbali. Waliowahi kupanga milimani wanajua: shimo halichimbiki, ukishuka kidogo unakutana na mwamba. Mwenye nyumba anajengea kikaro kifupi juu ya jiwe, anaweka mfuniko, anaanza kupokea kodi. Ikija masika, karo linarudisha kila kitu ndani. Mlifanyaje? Na usiku fundi mnampata wapi?

Mama Kulwa na Doto
Pampasi. Mapacha. Nimemaliza.

Dagaa wa Igombe
Pole mama, hiyo moja tu imetosha.

Mzee wa Butimba
Magadi na ndimu. Mwaga, subiri, flashi.

Kirumba Sokoni
Mzee hiyo ni dawa ya kulainisha maharage. Sabuni ya maji na maji ya moto, ndoo nzima kwa mkupuo, umeisimamia juu.

Sato Mbichi
Ngoja niwape ya Igogo. Tulikuwa wapangaji, mwenye nyumba anakaa humohumo mbele. Siku hiyo analetewa posa ya binti yake. Wageni wametoka Sengerema, wamevuka Kamanga na pantoni ya asubuhi, wametulia kwenye mkeka, pilau inanukia. Mshenga akaomba choo. Akakaa. Akakaa sana. Tukasikia flashi ya kwanza. Ikaja ya pili, na hapo mama mwenye nyumba akashika kichwa, maana choo kilikuwa kinasuasua toka juzi na kila mtu alikuwa anajua isipokuwa wageni.

Mlango ukafunguka. Mzee wa watu kashika viatu mkononi, suruali kaikunja hadi magoti, na maji yanamfuata nyuma kuelekea kwenye mkeka. Hakusema neno. Shangazi mmoja akaanza kupiga vigelegele sijui kwa nini, nadhani ni hofu.

Tukapiga simu kwa mafundi. Wa kwanza yuko kanisani. Wa pili anataka hela nusu kwanza kwenye simu. Wa tatu akaja na boda, waya umezungushwa shingoni. Akaenda nje moja kwa moja, akafunua chemba, kavu. Akasema basi kitu kiko njiani, hakijafika hapa. Akarudi ndani, akasukuma waya, akauzungusha, akavuta. Ikatoka nailoni nyeusi imefungwa kwa rababendi mara nyingi. Ndani yake kitochi. Simu nzima, na laini yake.

Fundi akaisuuza, akainyanyua mbele ya ukoo wote: "Ya nani hii?"

Kimya. Halafu baba mwenye nyumba akasimama, akasema anaenda kununua sigara. Yule mzee havuti sigara.

Dagaa wa Igombe
HAPANA. Rudi hapa. Ilikuwaje?

Binti Nyegezi
Umekatia hapo kweli? Posa ilipita?

Fundi wa Nyakato
Huyo mwenzangu alifanya kazi sahihi, mnaacha la maana mnafuata simu. Maji yakipanda kwenye sinki usiflashi tena. Funga koki ndogo ya pembeni ya tanki, ikigoma inua boya ulifunge kwa kamba. Kisha toka nje ufunue chemba iliyo karibu na choo. Ikiwa kavu, kizuizi kiko kati ya sinki na hapo, waya unatosha. Ikiwa imejaa, tatizo liko mbele au karo limejaa, usimlipe mtu ahangaike na sinki. Na maji ya moto yasiwe yanayochemka, sinki linapasuka na bomba la plastiki linalegea.

Kirumba Sokoni
Mimi asidi ya betri, dakika tano safi.

Fundi wa Nyakato
Ukishamwaga asidi mwambie fundi kabla hajaingiza mkono. Na ole wako uongeze jiki juu yake, inatoa klorini, utazimia humo chooni.

Binti Nyegezi
Simu ilikuwa ya nani???

Mtoto wa Mabatini
Mnajitesa. Sisi tulikuwa tunasubiri mvua kubwa, tunachomoa kizibo cha karo, mto Mirongo unabeba. Bure kabisa.

Mwl. Pasiansi
Na Mirongo unaishia wapi? Ziwani. Na maji ya bomba unayokunywa yanavutwa wapi?

Mtoto wa Mabatini
Yanatibiwa Capri Point, tulia.

Mwl. Pasiansi
Watoto wanaooga chini ya daraja nao wanatibiwa Capri Point? Kipindupindu kikiingia mnasema mmerogwa.

Kilimahewa Juu
Jamani, huku kwetu, Igogo na huko Mabatini siku hizi kuna yale mabomba ya majitaka yanayokatiza juu ya mawe nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba wangu ndiye hataki kuunganisha, anasema karo lake bado jipya.

Mwaloni Kwetu
Ninyi wa milimani mna nafuu. Sisi wa ufukweni 2020 ziwa lilipopanda hakuna kilichoziba, maji yalikuwa yanaingia shimoni kwa chini. Unaita gari la kunyonya asubuhi, jioni limejaa tena. Jirani akanyonya tanki lake la plastiki hadi tone la mwisho, usiku likaibuka ardhini kama kiboko, limeng'oa na bomba zake.

Fundi wa Nyakato
Hiyo ni kweli kabisa. Maji ya ardhini yakiwa juu usiliache tanki la plastiki tupu.

Mzee wa Butimba
Gari zenyewe hazipandi mlima. Wanaunga mipira, kila kipande wanakuandikia hela. Bora kijana ashuke na ndoo.

Fundi wa Nyakato
Mzee, shikamoo, lakini hapana. Usimshushe mtu shimoni. Hewa ya mle inaua, wa kwanza akianguka wa pili anamfuata kumwokoa, mnazika wawili.

Sato Mbichi
Nimerudi. Posa ilipita, mahari ilipunguzwa. Simu iliwaka baada ya kukaushwa. Yaliyokuwemo ni ya familia ya watu.

Binti Nyegezi
Wewe si mtu mzuri.

Mpangaji Buhongwa
Fundi wa Nyakato unafika huku sasa hivi? Nimefunua chemba, imejaa hadi juu.

Fundi wa Nyakato
Nafika. Boda ya usiku juu yako, na hela ya kazi muwe nayo mkononi. Wa Buhongwa nawajua.

Mpangaji Buhongwa
Wa Buhongwa tumefanya nini tena?