Tupeane uzoefu: mechi ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa Afrika isiyokutoka moyoni

Mwanzisha Mada
Ndugu wapenda soka, nimeutazama tena mchezo wa Simba na Kaizer Chiefs wa Mei 2021, na moyo umeuma kana kwamba kipenga cha mwisho kimepulizwa leo. Johannesburg tulifungwa 4-0, na wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Wiki moja baadaye, Dar es Salaam, John Bocco alifunga mawili, Clatous Chama akaongeza la tatu katika dakika za lala salama, na muda uliobaki wote tuliomba goli moja tu liingie, hata kama lingembabatiza beki mgongoni. Halikuingia. Tulitolewa kwa jumla ya 4-3 katika msimu ambao tuliongoza kundi mbele ya Al Ahly, ambao ndio waliokuja kutwaa kombe. Naamini mashindano haya hayana mchezo mgumu kuliko marudiano, kwa sababu timu inaingia uwanjani ikiwa na deni au na akiba, na vyote viwili vinaweza kuiua. Kila mmoja aeleze la kwake.

Binti wa Temeke
Umenitonesha kidonda, kaka. Goli la Chama ndilo lililoniumiza zaidi, kwa kuwa ndilo lililonirudishia tumaini.

Mkongwe wa Msimbazi
Wanangu, nyinyi mnalia kwa kushindwa kurudisha manne, lakini mwaka 1979 sisi tuliyarudisha. Mufulira Wanderers ya Zambia ilikuja hapa Dar es Salaam ikatufunga 4-0, nyumbani kwetu, mbele ya macho yetu. Timu ilipoondoka kwenda Zambia hapakuwa na aliyezungumzia kuvuka. Watu walizungumzia kupunguza aibu. Hapakuwa na televisheni ya kutuonyesha, tulikuwa na redio tu, na kila goli lilipotangazwa mtu aliyekuwa ndani alitoka nje kuwauliza majirani kama nao wamesikia hivyohivyo. Simba ilishinda 5-0 ugenini ikavuka kwa goli moja. Miaka mitano kabla ya hapo, 1974, tulifika nusu fainali ya mashindano haya, yakiitwa bado Klabu Bingwa Afrika, tukaishinda Mehalla ya Misri 1-0 hapa, wakatushinda 1-0 kwao, na penalti zikatutoa. Kwa hiyo nimeziona pande zote mbili za marudiano, na naweza kusema kwamba furaha ya 1979 haijawahi kuyafuta maumivu ya 1974.

Nyota ya Ilala
Shikamoo mzee. Tungeomba uandike zaidi kuhusu hiyo 1974, maana wengi wetu tumeisikia kwa mbali tu.

Jangwani Daima
Nimesoma kimya kimya, lakini sasa nimeshindwa kunyamaza. Tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, Yanga dhidi ya Mamelodi Sundowns, robo fainali. Hapa nyumbani tulikuwa tumetoka 0-0, na kwa mwenye kuelewa soka la Afrika matokeo hayo hayakuwa mabaya, kwa sababu jumla ikilingana goli la ugenini lilikuwa na uzito zaidi, hivyo sare yoyote ya magoli kule ingetuvusha.

Nilikuwa kwenye kibanda umiza, na watu walikuwa wamejazana hadi mlangoni, wengine wakitazama kwa kusimama juu ya kreti za soda. Kipindi cha pili mpira ukamfikia Stephane Aziz Ki nje ya eneo la hatari, akapiga shuti kali, mpira ukagonga mtambaa panya, yaani mwamba wa juu wa goli, upande wa chini, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Sisi tuliokuwa tukitazama tulinyanyuka kwa pamoja, kreti zikaanguka, mtu nisiyemfahamu akanikumbatia kwa nguvu hata nikashindwa kupumua. Kisha taratibu watu wakaanza kutambua kwamba mchezo unaendelea. Picha ya marudio ikaonyeshwa, na kwa macho yangu mpira ulikuwa umevuka mstari. Ndani ya kile kibanda hakuna aliyeona vinginevyo, hata wale wa Msimbazi, mashabiki wa Simba, waliokuja kutuombea mabaya. Tulisubiri mwamuzi aende kutazama skrini iliyo pembezoni mwa uwanja. Hakwenda. Tulisubiri tena mpira utoke nje, tukidhani hapo ataitwa. Hakuitwa. Mchezo ukaisha 0-0, na Sundowns wakatutoa kwa penalti 3-2.

Kilichoniuma si kufungwa, kwa maana timu yangu imefungwa mara nyingi na nimelala vizuri. Kinachoniuma ni kwamba teknolojia iliyoletwa ili kuondoa mashaka ilikuwapo uwanjani siku hiyohiyo, na mashaka yakabaki. Kama picha zile hazikuonyesha wazi kwamba mpira umevuka wote, basi tungeelezwa hivyo palepale, tukalia tukijua sababu.

Binti wa Temeke
Mimi ni Simba damu, na bado nasema lile lilikuwa goli. Utani wa jadi hauwezi kufunga macho.

Mnyama wa Mjini
Dada, zungumza kwa niaba yako. Kanuni inataka mpira wote uvuke mstari wote, na picha ya pembeni haitoshi kuthibitisha hilo. Isitoshe, Yanga ilicheza dakika 180 bila kupata goli lisilo na mjadala. Timu inayotaka kombe hili hufunga nyumbani.

Jangwani Daima
Msimu huohuo Al Ahly iliwafunga nyinyi 1-0 hapa Dar es Salaam kisha 2-0 kule Cairo. Anayefundisha kufunga nyumbani na awe amefunga.

Mpenda Takwimu
Ndugu zangu, turudi kwenye mada. Msimu wa 2018/19 Simba ilifungwa 5-0 na AS Vita, ikafungwa 5-0 na Al Ahly, ikafungwa 2-0 na JS Saoura, yaani mabao 12 ugenini bila kufunga hata moja, na bado ilivuka hatua ya makundi kwa sababu ilishinda michezo yote mitatu ya nyumbani. AS Vita walitangulia kufunga katika mchezo wa mwisho, Mohamed Hussein akasawazisha, na Chama akafunga la ushindi dakika ya 90. Ndipo ikapata mizizi imani ambayo baadaye, uwanja wetu ulipopewa jina la Mkapa, ilikuja kuitwa "Kwa Mkapa hatoki mtu". Lakini robo fainali TP Mazembe walitoka, tena kwa 0-0, wakaenda kutufunga 4-1 Lubumbashi ingawa Emmanuel Okwi alitupatia goli la mapema kabisa. Ushauri wangu ni kwamba klabu zetu ziwekeze nguvu zote katika mchezo wa nyumbani.

Nyota ya Ilala
Mimi nashauri kinyume chake. Nyumbani tumekwisha kuweza, kinachotutoa ni ugenini. Timu ifike mapema, izoee hali ya hewa na kelele za watu, na ijifunze kuumiliki mpira inapoongoza, badala ya kurudi nyuma wote kumi na mmoja.

Kogalo wa Kisumu
Salamu kutoka Kenya. Marudiano tunayoyakumbuka sisi ni ya 1987, Gor Mahia na Espérance. Tunis ilikuwa 2-2, Nairobi ikawa 1-1, na kombe likabaki kwetu kwa kanuni ya goli la ugenini. Dakika za mwisho pale Kasarani zilikuwa ndefu kuliko mwaka mzima.

Mnyama wa Mjini
Hongereni, lakini lile lilikuwa Kombe la Washindi, si Klabu Bingwa. Mada inahusu Ligi ya Mabingwa.

Kogalo wa Kisumu
Ndugu, kombe la Afrika ni kombe la Afrika, na ukanda wetu hauna mengi kiasi cha kuanza kuyachagua. Anayetaka kuliondoa 1987 kwenye mazungumzo kwanza alete la kwake.

Jangwani Daima
Namuunga mkono Mkenya. Nasi mwaka 2023 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho, tukafungwa 2-1 na USM Alger hapa, tukashinda 1-0 kwao, na goli la ugenini hilohilo lililowapa Gor Mahia furaha likatunyima sisi. Kanuni ni moja, machozi yanatofautiana.

Binti wa Temeke
Langu ni la Casablanca, Aprili 2023. Tulikuwa na 1-0 ya Jean Baleke, na Wydad walikuwa mabingwa watetezi. Golini alisimama Ally Salim, kijana ambaye mwanzoni mwa msimu hakuna aliyemtarajia pale, na kila mpira aliodaka nilijikuta nasema "mwanangu" ingawa hatujawahi kuonana. Wydad walisawazisha jumla ya magoli, tukaenda penalti. Shomari Kapombe akakosa, Chama akakosa, tukatoka kwa 4-3. Nilitaka kumkasirikia Chama na sikuweza, kwa sababu bila yeye wengi wetu tusingekuwa na kumbukumbu ya kuandika hapa. Ushauri wangu ni mdogo: mwenye shinikizo la damu atoke nje penalti zinapoanza, aitwe baadaye.

Mpenda Takwimu
Asitoke. Mwaka 2003 aliyetoka nje alikosa kuona kipa wetu Juma Kaseja akiwatoa Zamalek kwa penalti kwao Cairo, nao wakiwa mabingwa watetezi.

Mnyama wa Mjini
Hapo sina ubishi. Usiku ule hata watu wa Jangwani mtaani kwetu walitupa mikono ya pongezi, na ninalisema hili mbele ya Jangwani Daima ili alijue.

Jangwani Daima
Nimelijua na nimelipokea. Ila lile la Pretoria lilikuwa goli.

Mkongwe wa Msimbazi
Kijana wa Jangwani, kwa kuwa umelishikilia la Pretoria, waulize wazee wenu habari za 1969. Yanga ilitoka 1-1 na Asante Kotoko mara mbili, nyumbani na ugenini, katika robo fainali, na enzi hizo hapakuwa na penalti za kuamua. Ilirushwa sarafu, Kotoko wakavuka. Mimi wa Msimbazi niliona siku ile kwamba jirani zangu wamedhulumiwa na shilingi, na mpaka leo naona hivyo.