Feni ya ndani ya gari la umeme ikizingua: tupeane uzoefu, watu wa Arusha na Moshi

Mleta mada, Njiro
Wakuu, tulio na magari ya umeme ya mtumba huku kwetu bado tunahesabika, na mafundi wetu wengi mikono yao imezoea dizeli za kupeleka watalii porini. Naanza na ya kwangu.

Feni ilikuwa inakata nikiwa njiani, nikipita tuta inarudi. Fundi wa kwanza akasema kompresa imekufa; bei aliyotaja nilimwomba arudie. Sasa kompresa kazi yake ni ubaridi. Upepo ukikosekana kabisa, hata ule wa kawaida, kompresa unaisingizia tu. Nikampata fundi waya Unga Limited, kijana mtulivu. Akatoa droo ya dashibodi upande wa abiria, akachomoa soketi ya feni, akapima kwa mita: volti 12 na ushee zinafika. Umeme upo, feni imelala. Akarudishia soketi, akaigonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikaamka. Basi, kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimekwisha, hazigusi vizuri, na mtikisiko wa tuta ndio uliokuwa unazisogeza. Za saizi ile madukani hatukupata. Akachukua za mota nyingine, kubwa kidogo, akazipunguza kwa msasa hadi zikaingia, akasafisha na ile shaba zinapogusia. Mpaka leo inapuliza.

Mdau wa Shanty Town, Moshi
Aisee, yangu ilikuwa kelele tu, ta-ta-ta-ta, ukiongeza spidi nayo inaongeza. Kwenye gari la umeme hakuna mngurumo wa injini wa kuificha, unaisikia yote. Mimi napaki chini ya mjakaranda, na mnajua Oktoba na Novemba unavyomwaga maua. Yanaingilia kwenye matundu ya chini ya kioo cha mbele, na kwa gari langu hewa inapita kwenye feni kabla ya filta, hivyo takataka zinatua kwenye mapanga. Kuitoa ni skrubu chache. Nikakuta majani makavu, na panya alishaanza kiota! Burashi ya kupakia rangi na hewa ya kujazia tairi vilitosha. Filta nilitupa, sikuona haja ya kuifua.

Mdau wa Usa River
Mimi spidi za chini zote zilikufa, ikabaki ile ya juu kabisa. Hapo kagueni kidude cha kugawia spidi. Kinakaa karibu na feni, kwenye njia ya upepo, ili kipoe. Nilinunua kingine kikaungua tena, safari hii na soketi ikayeyuka. Mzee mmoja wa gereji ya Kijenge akaniambia nizungushe feni kwa mkono. Nzito! Bushi zinazoshika mhimili wa mota zimekauka. Mota nzito inavuta ampea nyingi, na joto lote linaishia kwenye kidude na soketi. Ukibadilisha kidude ukaacha mota ileile, unanunua cha kuunguza.

Dada wa Kiboriloni
Naomba kuuliza. Nasikia betri ya haya magari ina volti mia tatu na kitu. Fundi akiingiza mkono pale si tutamzika?

Mleta mada
Dada, feni inakula volti 12 za ile betri ndogo, sawa na gari la mafuta. Betri kubwa ya Nissan Leaf za mwanzo ni kama volti 360, lakini umeme wake unapita kwenye nyaya za rangi ya chungwa kwenda kwenye kompresa, hita na mota inayosukuma gari. Zima gari, toa hasi ya betri ndogo, shughulika na feni. Waya wa chungwa asiuguse mtu ambaye hajausomea. Na fundi wa AC akitaka kuongeza oili ya kompresa, muulize ni ipi kwanza: kompresa ya umeme ina oili yake isiyopitisha umeme, ile ya magari ya kawaida inaweza kuiharibu.

Mdau wa Sakina
Niongezee. Feni nyingi za matoleo mapya hazina kaboni, zina ubao wa umeme humohumo ndani. Soketi yake ina nyaya zaidi ya mbili, na mmojawapo ni wa kupeleka amri ya spidi. Hiyo msiijaribu kwa kuipa umeme wa betri moja kwa moja. Fundi wangu alitaka kuvuta waya toka betri na kuweka swichi pembeni, bila hata fyuzi. Nikamwambia hapana mangi, rudishia droo yangu.

Baba wa Ngaramtoni
Wanaosema feni ni anasa waje huku Julai asubuhi. Kioo kinajaa ukungu, hata ng'ombe aliye barabarani humwoni. Na msiizime eti mnabana chaji. Feni inakula kidogo. Mlaji ni hita, inavuta kilowati kadhaa gari likiwa baridi. Swali langu: mota ya mtumba inanunuliwaje?

Mdau wa Usa River
Shikamoo baba. Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha soketi, matundu ya skrubu, na upande inakozungukia, maana zipo zinazofanana kwa macho lakini zinazunguka kinyume, upepo unatoka dhaifu. Kama ni ya kaboni, muuzaji aiwashe kwa betri mbele yako uisikilize kabla hujatoa hela.