Hivi mnapenda grafiti, hii michoro ya kupuliza ukutani, kweli au mnapenda bei zake? Nimechoka aisee

Wakuu, leo naongea kwa hasira, atakayekwazika akwazike.

Siku hizi kila mtu ni shabiki wa sanaa ya mtaani. Watu walewale waliokuwa wakiona mtu kashika kopo la rangi usiku wanapiga simu polisi, leo ndo wa kwanza kupiga selfi ukutani, hoteli zinaweka murali (mchoro mkubwa wa ukutani) mapokezi, matangazo ya soda yanaandikwa kwa herufi zinazochuruzika kama zimepulizwa uchochoroni. Haya, pendeni. Ila mnachopenda ni jina la mchoraji na bei, mchoro wenyewe hamna habari nao. Na kabla hujaja kuniambia nina wivu, soma kwanza.

London, Desemba 2023. Banksy, yule mchoraji wa mtaani wa Uingereza anayeficha jina lake halisi, kaweka alama ya barabarani ya STOP pale Peckham, ile nyekundu, juu yake droni tatu za kijeshi. Akathibitisha mtandaoni kwamba ni yake, haikuisha hata saa moja jamaa wakaja na mkasi wa kukatia vyuma wakaing'oa mchana kweupe wakasepa nayo. Na watu wamesimama pale na simu wanarekodi! Hayo ndo mapenzi ya sanaa jamani?

Kuna mchoro wake mwingine wa 2012, mtoto kapiga magoti na cherehani anashona vibendera vya Uingereza, ulikuwa Wood Green hukohuko London, kwenye ukuta wa duka la vitu vya bei chee. Februari 2013 ukuta ukakatwa, mchoro ukaibukia kwenye mnada Miami, wakazi wakachachamaa mpaka ukatolewa mnadani, halafu miezi michache mbele ukapigwa bei London. Sasa niambieni, yule mtoto kwenye sebule ya tajiri anamsema nani? Dongo lote lilikuwa kwa lile duka na wanaoingia kununua mle bila kujiuliza nani kashona. Ukishautoa pale umebakiwa na kipande cha plasta.

Halafu kuna hawa wanaodharau stensili, ile karatasi iliyokatwa matundu ya mchoro, wa "aah si unaweka karatasi unapuliza tu". We kakate herufi O tu uone. Usipoacha vidaraja vya kushikilia duara la katikati linadondoka, unabaki na tundu. Sasa fikiria uso wa mtu, mboni, pua, kivuli cha shavu, kila kipande kinataka kishikiliwe na kisionekane kimeshikiliwa, na kisu kikiteleza mara moja unaanza upya. Ukipuliza karibu sana rangi inachuruzika, karatasi isipolala vizuri ukutani rangi inapenya chini na kingo zinakuwa na ukungu. Kazi inafanyika nyumbani usiku kucha ili pale ukutani utumie dakika chache tu uondoke hujakamatwa, ndo maana watu wanatumia stensili, sio uvivu. Blek le Rat, mchoraji wa stensili wa Ufaransa, alikuwa anapuliza panya wake kwenye kuta za Paris tangu 1981, Banksy akiwa bado hajulikani popote, ila waulize hawa mashabiki wa juzi kama wanamjua.

Na wenye majengo nao. 5Pointz kule Queens, New York, wachoraji walipewa ruhusa na mwenye jengo, wamechora miaka na miaka mpaka watu wanatoka nchi za mbali kuja kuangalia tu, Novemba 2013 usiku mmoja mwenye jengo kapaka michoro yote rangi nyeupe, baadaye kabomoa kajenga maghorofa, na hakuona aibu kutaka jina hilohilo la 5Pointz liwe la kwake! Mwaka 2018 jaji kaamuru wachoraji 21 walipwe dola milioni 6.7. Hapo angalau nilicheka.

Sasa ile picha ya Banksy ya msichana na puto iliyojichana yenyewe nusu mnadani 2018 mara tu baada ya kuuzwa pauni milioni 1 na kidogo, mimi nikasema leo matajiri wamekomeshwa. Wapi! 2021 ikauzwa tena ikiwa imechanika nusu hivyohivyo, pauni milioni 18 na nusu. Hawa watu huwezi hata kuwatukana, tusi lenyewe wanalinunua.

Na usije na ile ya "ukuta ni mali ya mwenye nyumba". Najua. Mwenye ukuta akitaka kufuta afute, mchoraji mwingine akitaka kuchora juu yake achore, mvua inyeshe, jua lipige, hayo tunayajua tunapotoka na makopo yetu na hakuna anayelia. Mimi sitaki msumeno wa kukata ukuta ukauzwe. Na sitaki huyohuyo aliyeleta msumeno kukata mchoro wa Banksy amwitie polisi dogo asiye na jina anayepuliza ukuta wa jirani.

Haya, njooni mtukane.