Mwili kujaa maji: niwaelezeje watoto wa gredi ya tano?

mwalimu_kisauni

Assalaam aleykum. Natayarisha kipindi cha klabu ya afya, watoto wa miaka 10 na 11, dakika 40. Mada ni kwa nini mtu huvimba: uso asubuhi, miguu jioni, tumbo. Wengi wao huamini aliyevimba amekunywa maji mengi, au ametupiwa kitu. Nataka maelezo ya kweli ambayo mtoto anaweza kuyarudia nyumbani, na jaribio moja la vifaa vya jikoni. Pia, mguu wa matende ni jambo hilo hilo au ni jingine?

nesi_wa_watoto

Wa aleykum salaam mwalimu. Anza na hesabu. Mtu mzima wa kilo 70 amebeba karibu lita 42 za maji, yaani mitungi miwili ya lita 20 na ziada juu. Lita 28 hivi zimo ndani ya seli, 11 zimo baina ya seli, na 3 tu ndizo maji ya damu. Kuvimba ni habari ya zile 11. Yakiingia pale mengi kuliko yanayotoka, ngozi hutuna.

Mishipa ya damu iliyo midogo kabisa, myembamba kuliko unywele, ina vitundu. Moyo ukisukuma, maji hupenya nje, na ni lazima yapenye, maana ndiyo yanayozifikishia seli chakula. Ndani ya damu kuna protini iitwayo albumini, hutengenezwa na ini, nayo ni kubwa mno kupita vitunduni kwa urahisi. Yenyewe huyashikilia maji yasitoroke yote. Yaliyotoka hukusanywa na mishipa ya limfu, ambayo watoto wa Mombasa wataifahamu mara moja ukiiita mitaro. Mitaro hiyo huyarudisha katika damu karibu na mtulinga, lita kadhaa kila siku.

Sasa waulize wao: nini kinaweza kuharibika? Watataja wenyewe mambo manne, ukiwapa muda. Msukumo umezidi, kama moyo ukichoka na damu kurundikana kwenye mishipa inayorudi. Albumini imepungua. Mtaro umeziba. Vitundu vimepanuka, ndiyo sababu mahali palipodungwa na nyuki huvimba palepale, pakawa pekundu na moto.

Figo zinaingia kwa milango miwili. Zikishindwa kutoa chumvi, maji huifuata chumvi hiyo: kila gramu 9 zinazobaki mwilini hushikilia karibu lita moja, yaani kilo moja kwenye mizani. Na chujio la figo likivuja, albumini hupotea kwenye mkojo. Mkojo huo huwa na povu lisilokatika haraka, na mtoto huamka kope zimefura.

fundi_maabara

Jaribio. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, pasha sindano moto, toboa matundu 8 kuizunguka, vidole vitatu juu ya kitako. Izungushie kipande cha sponji ya godoro chenye unene wa sentimita 2, ukifunge kwa raba juu na chini. Pima uzito wa sponji kwanza ikiwa kavu. Simamisha chupa juu ya bakuli lililopinduliwa ndani ya sinia. Chini ya sponji pachika utambi wa kitambaa cha pamba, upana wa vidole viwili, ncha yake ining'inie kwenye kikombe kilicho chini zaidi. Mimina maji yenye rangi ya chakula.

Chupa ni mshipa wa damu, sponji ni nyama ya mwili, utambi ni limfu. Mtoto mmoja kazi yake iwe kuyarudisha maji ya kikombe ndani ya chupa, ili waone kwamba ni mzunguko. Kisha mmoja aibinye chupa polepole: huo ni msukumo uliozidi. Halafu toa utambi, ngojeni dakika 5, pimeni sponji tena. Kila gramu iliyoongezeka ni mililita moja ya maji.

Makosa yanayotokea: mkifunga kizibo maji hukoma kutoka, kwa sababu hewa haiingii kuchukua nafasi yake, kwa hiyo chupa ibaki wazi. Utambi mkavu huchelewa kuvuta, uloweshe na kuukamua kwanza. Na sponji ya godoro haitanuki sana, huwa nzito tu. Waambie hivyo mapema, la sivyo watasema jaribio limeshindwa.

Ukitaka kuonyesha albumini pia, weka kipande cha kiazi katika maji yenye vijiko viwili vya chumvi na kingine katika maji matupu. Baada ya saa moja cha kwanza kinalegea.

mtaalamu_lishe_pwani

Jaribio la chupa ni zuri sana. Hilo la kiazi lina mtego, mwalimu. Katika kiazi, chumvi huvuta maji kutoka ndani ya seli. Kwenye vitundu vya mshipa wa damu, chumvi hupita huku na huku bila kizuizi, kwa hiyo haiwezi kuyazuia maji ndani ya damu. Anayeyazuia ni albumini, kwa kuwa ndiyo haipiti. Ukitumia kiazi bila kusema hivyo, mtoto ataenda nyumbani na kumpa chumvi bibi yake aliyevimba miguu. Nakusihi ukiache, au ukitumie siku nyingine kwa somo la seli.

Juu ya chumvi, taja vyakula wanavyovijua: ng'onda, achari ya maembe, krispi za muhogo. Kipimo kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na iliyomo tayari ndani ya chakula.

Matende ni ule mtaro ulioziba, lakini si maji peke yake. Mbu huingiza minyoo midogo kama nyuzi, ikakaa ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu kwa miaka. Limfu hutuama, bakteria huingia kwenye nyufa za ngozi, na kila shambulio la homa huacha ngozi ngumu na nene zaidi. Ndiyo maana mguu wa matende uliokomaa ukiubonyeza haubonyei. Dawa huua minyoo wachanga. Mguu wenyewe husaidiwa kwa kuoshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, kukaushwa vizuri baina ya vidole, kuinuliwa na kuchezeshwa kifundo. Matende hayaambukizwi kwa kugusana wala kwa kukaa dawati moja. Hili lirudie, tafadhali.

mwalimu_kisauni

Shukran jazila. Kiazi nimekiacha. Mawili zaidi: kubonyeza kunafanywaje hasa? Na mtoto aliyevimba apunguziwe maji ya kunywa?

nesi_wa_watoto

Kwa mtoto, bonyeza kwa vidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili (si chini) kwa pamoja, ukihesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu". Ondoa. Shimo likibaki miguu yote miwili, ni maji, na mtoto aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu utapiamlo mkali huanza kuonekana hapo. Msije mkadanganywa na mashavu yaliyojaa: mtoto wa kwashiokoo huonekana mnene. Darasani wasibonyezane. Tumia donge la unga wa chapati kuonyesha shimo linalobaki, na puto kuonyesha lisilobaki.

Maji asipunguziwe na mwalimu wala mzazi kwa kukisia. Daktari ndiye huamua, kwa kuangalia mkojo na uzito wa kila asubuhi.

Kuna jambo ningependa lisikose. Mtoto anayetibiwa figo kwa dawa iitwayo prednisoloni huweza kuwa na uso wa mviringo ambao si maji, ni mafuta yaliyohama kwa sababu ya dawa. Hupungua dawa ikipunguzwa na daktari. Wenzake wakimcheka huacha kumeza vidonge, na kuacha ghafla ni hatari. Wafundishe jibu fupi: "ni dawa, itapungua".

Za kukimbilia hospitali bila kungoja: kupumua kwa shida, midomo au ulimi kuvimba baada ya kula kitu au kudungwa, mkojo kidogo sana au wa rangi ya kahawa (hasa wiki chache baada ya kuumwa koo au vidonda vya ngozi), uso kuvimba pamoja na kichwa kuuma sana au degedege, na mguu mmoja tu uliovimba na kuuma.

fundi_maabara

Nakubali kuhusu kiazi. Badala yake, dakika za mwisho wasimame wote wapande na kushuka kwa vidole vya miguu mara 20. Shavu la mguu likikaza hukamua mishipa na kupandisha damu na limfu juu. Aliyekaa basini kutoka Mombasa hadi Nairobi bila kuinuka hakuikamua mishipa hiyo, ndiyo maana viatu vikambana. Waweke mkono kwenye shavu hilo la mguu walisikie likifanya kazi.