Maji Mara Tano

[18:42] Mama: Kitindamimba uko wapi? Hiyo programu yako ya mapishi imenitia aibu. Wageni wako sebuleni na mimi nimewapikia mashendea.

[18:42] Mama: 📷

[18:44] Kaka Mkubwa: Huo wali au uji? 😂

[18:44] Mama: Wewe nyamaza, hata kuosha mchele hujui.

[18:46] Shangazi: Usiukoroge! Umwage kwenye sinia pana, uache wazi, utakauka kidogo. Ukikoroga ndiyo basi tena.

[18:51] Kitindamimba: Shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Poleni. Mama uliingiza nini?

[18:52] Mama: Marahaba. Niliingiza ulivyonielekeza. Mchele kikombe 1, maji vikombe 2, dakika 20. Nikabonyeza mara 5. Ikanipa mchele 5, maji 10, dakika 100.

[18:53] Mama: Kwenye dakika 100 nikajua huyu aliandika akiwa na usingizi. Lakini maji niliyaamini. Nilisema kompyuta haikosei hesabu.

[18:54] Kitindamimba: Hesabu haijakosea lakini Mama. 2 mara 5 ni 10.

[18:54] Shangazi: Kwa hiyo sufuria ndiyo imekosea?

[18:55] Kaka Mkubwa: 😂😂😂

[18:57] Shangazi: Sikiliza mwanangu. Kikombe 1 cha mchele kinakunywa kama kikombe 1 cha maji. Hicho cha pili kinakwenda wapi?

[18:57] Kitindamimba: Kwenye mvuke?

[18:59] Shangazi: Ehee. Sasa mvuke utajuaje umeweka mchele kiasi gani? Wenyewe unatazama mdomo wa sufuria, kifuniko kinavyokaa, na muda wa motoni. Vikombe 5 vitakunywa 5, mvuke utachukua kile kile 1, tuseme 1 na nusu maana sufuria kubwa inachelewa kuchemka. Mama yako kaweka 10. Vitatu na nusu vimebaki mle ndani vinatafuta pa kwenda.

[19:03] Kitindamimba: Daah. Kwa hiyo siyo mchele × 2, ni mchele + 1. Na kwa kikombe kimoja zote mbili zinatoa 2! Ndiyo maana sikuliona kosa. Napika peke yangu, kila nilipojaribu nilijaribu kwa kikombe kimoja.

[19:04] Shangazi: Mimi hata hiyo ya kujumlisha sina. Nasawazisha mchele, nasimamisha kidole juu yake, maji yafike kiungo cha kwanza. Viwe vikombe vitatu, viwe kumi, kidole ni hiki hiki.

[19:09] Kitindamimba: Subiri Shangazi, hapo umenigusa. Maji yanayojaza nafasi kati ya punje yanaongezeka mchele ukiongezeka. Ya juu yanabaki kina kile kile. Na sufuria ikiwa pana, kina hicho hicho kinabeba maji mengi zaidi, ila na mvuke unaotoka ni mwingi zaidi. Yaani kidole chako kinahesabu upana wa sufuria. Programu yangu haikuwahi hata kuuliza upana!

[19:10] Shangazi: Kidole hakihesabu kitu. Nahesabu mimi. Na mchele kiduchu kwenye sufuria pana usitumie kidole, utapata kama huo wa Mama yako.

[19:11] Mama: Tumeshausahau huo, wageni wanakula.

[19:15] Kaka Mkubwa: Mimi juzi iliniambia chumvi kijiko 0.30000000000000004. Hiyo 4 ya mwisho naipimaje?

[19:19] Kitindamimba: 😅 Hiyo siyo yangu. Kompyuta inaandika namba kwa 0 na 1 tu, na kwa uandishi huo moja ya kumi haina mwisho, kama theluthi inavyokuwa 0.333 bila kukoma. Inaikata mahali. Ukijumlisha 0.1 na 0.2 mabaki yanachungulia. Ni utaratibu uliokubaliwa tangu 1985, IEEE 754. Ila Python, lugha niliyoandikia programu, inaweza kutunza sehemu zenyewe. Nitabadilisha vijiko viwe nusu, robo, theluthi.

[19:20] Mama: Mbona vijiko vyangu viko hivyo siku zote.

[19:21] Kaka Mkubwa: Na mayai 2.5?

[19:22] Kitindamimba: Yai bila ganda lina kama gramu 50. Unalipigapiga, unapima 25.

[19:22] Mama: Weka 3, punguza maziwa.

[19:30] Shangazi: Sasa hili siyo la kucheka. Kwenye maharage mekundu umeandika loweka usiku kucha, halafu moto mdogo saa 2. Mchemko uko wapi?

[19:33] Kitindamimba: Ulikuwepo. Ulikuwa wa dakika 10 tu, nikauchanganya na hatua inayofuata ili skrini isijae.

[19:36] Shangazi: Urudishe leo hii. Maharage mekundu mabichi yana sumu, ni aina ya protini iitwayo lektini, na inavunjika kwa maji yanayotokota kweli kweli. Ukiyapika taratibu bila kuyachemsha, sumu inaweza hata kuzidi kuliko yakiwa mabichi. Maji ya kulowekea mwaga, weka mengine, tokotesha. Dakika 10 ni za chini kabisa, mimi nakwenda nusu saa. Hapo ndipo upunguze moto.

[19:38] Kaka Mkubwa: Aisee. Kumbe Jumatano.

[19:38] Mama: Jumatano nini?

[19:40] Kaka Mkubwa: Nilifuata hiyo programu. Nilikula sahani moja, saa mbili baadaye nikahamia chooni. Sikusema kwa sababu nilidhani ni upishi wangu.

[19:41] Kitindamimba: Kaka nisamehe sana. Nimeifuta hatua hiyo sasa hivi, naiandika upya. Mchemko unapata kipima muda chake, na hautarukika.

[21:12] Kitindamimba: Tayari. Muda hauzidishwi tena, vijiko vimekuwa sehemu, na kwenye wali inauliza upana wa sufuria. Mama, yako ina sentimita ngapi?

[21:14] Mama: Ile kubwa.

[21:14] Kitindamimba: Sentimita Mama.

[21:15] Mama: Ile kubwa iliyobonyea ubavuni.

[21:17] Kitindamimba: Sawa, naweka orodha ya kuchagua. "Kubwa Iliyobonyea." Nyingine?

[21:18] Mama: Ya kati. Na ile ndogo yenye kifuniko kizuri, ambayo Shangazi yako hajairudisha.

[21:19] Shangazi: Haya, usiku mwema jamani.