Vitabu vya Mary Poppins, mtoto aanze na kipi?

mama_katubuka: Jamani, niko Kigoma, binti yangu ana miaka 9 kaangalia ile filamu ya yaya wa mwamvuli kwenye simu ya mjomba ake sa hanipi raha, anataka vitabu. Viko vingapi?

mzee_wa_tabora: Viko 8 dada, kaandika P. L. Travers mzaliwa wa Australia, cha kwanza 1934 cha mwisho 1988. Aanze na cha kwanza, ndo yaya analetwa na upepo wa mashariki kwa akina Banks pale London. Ila mwandae, huyu sio yule wa filamu ya 1964 wa kuimba imba, huyu mkali, anajipenda balaa, kila kioo cha duka lazima ajitazame, afu uchawi akiufanya mwenyewe ukimuuliza anakukatalia kavu.

mama_katubuka: Mkali tena? 😂

bibi_ujiji: Mkali ndo mzuri mwanangu, watoto wa siku hizi wanadekezwa mno. Mi nawasomea wajukuu, ile sura ya mapacha wachanga wanaelewana na ndege na upepo mpaka meno yakiota wanasahau yote, wee, waligoma kulala.

mzee_wa_tabora: Na kwenye filamu hao mapacha hawapo kabisa, waliwaruka.

mama_katubuka: Basi naagiza Dar kije na treni, asanteni