Poka ya baa, Leeds: mgeni ataliwa?

Wakuu, baa ya jirani hapa wanacheza poka ya Texas Hold'em kila Jumanne, kiingilio pauni 5. Tanga nilizoea karata za barazani, wawili kwa wawili. Niingie?

Jibu: Ingia. Sheria za Uingereza haziruhusu dau kuzidi pauni 5 kwa mtu katika mchezo mmoja, wala mwenye baa kukata chake. Ukiliwa, umeliwa bei ya bia.

Jibu: Mimi dada, mezani wananiona mwoga. Safi sana, wacha waamini hivyo! Nikipewa saba na mbili, karata mbovu, natupa. Nikishika ree mbili napandisha dau mapema. Ila usicheze kabla ya zamu yako, watanuna.

Muulizaji: Na kukonyezana?

Jibu: Umkonyeze nani? Huna mwenza, kaka.